Udi Hautibu Kidonda

Rukia mwanangu,

Zamani tulipokuwa tukiandikiana barua, mtu alianza kwa kusema kuwa yeye mzima wa afya, hofu ni kwa yule aliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Umekwenda Makunduchi na Asha mwenzio kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi yako, hatakuacheni mrudi bila ya kula, kwa hiyo nna wasaa wa kuandika mpaka Magharibi. Mikoba yako iko mlangoni. Kila nikipita naigusa. Kusema kuwa mie mzima siwezi, na huko mbele nitakwambia kwa nini.

Sitakuandikia habari ya kujigeuza kitandani, wala ya kujiinua kitini, wala ya mpira wa mkojo. Hayo unayajua kunishinda, na nikiyataja utanitolea lile jicho lako. Nataka tuzungumze habari ya daktari. Kazi ya Dodoma umeshaipata kwa juhudi zako. Nyumba ya chini isiyo na ngazi, Asha keshaitafuta, na Mungu amlipe kheri kwa kukubali kukaa nawe. Daktari ndiye hamna. Hilo ndilo linaloniweka roho juu tangu siku uliyoletewa habari ya kazi. Nikikwambia kwa mdomo tutagombana, kwa sababu mie nikiogopa hugomba, unanijua. Ndiyo maana nnaandika.

Ulipoanguka ulikuwa bado unasoma skuli. Ulitoka kwenye roshani kuanika nguo, ubao ulikuwa umeoza, ukakatika. Ile siku siielezi, tumeshailia sote na machozi yake yamekwisha. Uti wa mgongo ulivunjika, miguu ikanyamaza, na kutoka kifuani kwenda chini ukawa huhisi moto wala baridi. Baba yako alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Tulikuwa wawili tu, mie na wewe, na zile ngazi.

Watu hudhani balaa ilikuwa ile ya kuanguka. Ile ilikuwa kadari. Balaa yenyewe ilikuja tulipokwishatoka hospitali tukarudi nyumbani, na hiyo niliifanya kwa mikono yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunazunguka? Tukisikia daktari katajwa, tunakwenda. Leo huyu, wiki ijayo mwengine. Kila mmoja tunamwanzia kisa kutoka roshani, kila mmoja anainua picha ya mgongo kwenye mwanga, anatikisa kichwa, anaandika dawa. Mmoja akinisemesha kwa ukali, simrudii tena. Nilikuwa nawahama madaktari kama mwanamke anavyohama maduka ya vitambaa, hapa rangi siipendi, pale muuzaji ana kiburi. Sikuona kuwa kila nikihama, kinachojulikana juu yako nakiacha nyuma. Mwisho wake ulikuwa na madaktari wengi, na hapana hata mmoja aliyekujua.

Na wakikuuliza wewe, najibu mie. Anakula? Anakula. Analala? Analala. Hali yake vipi? Alhamdulillah, hajambo. Wewe umekaa pale pale kwenye kiti, unanitazama. Hukusema kitu, maana nilikulea usimkate mama yako maneno mbele ya watu.

Ndivyo tulivyo. Mtu wa kwetu akiulizwa hali, hata kama paa linamwangukia, atasema alhamdulillah kwanza. Ni adabu, na ni imani, na wallahi sitaki uiache huko unakokwenda. Kosa langu ni kuwa nikishasema alhamdulillah nilikuwa nafunga mlango. Nilidhani kushukuru na kuficha ni kitu kimoja.

Basi kikatoka kidonda. Nilikiona nilipokuwa nakuogesha, chekundu, kidogo, pale chini kabisa ya mgongo. Wewe hukukihisi. Daktari wa wakati ule alikuwa mwanamme, na kila tukenda ana wanafunzi wake wamemzunguka, vijana watupu. Nikajiuliza, mtoto wangu mwari, nikamfunue mbele yao? Nikaona sitara bora. Nikakitia asali. Nikakitia poda. Nikamwendea mwalimu akaniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, nikaziosha kwa maji ukanywa. Sijuti kukunywesha kombe, dua ni dua. Najuta kuwa niliishia hapo. Kidonda kikenda ndani, kikaanza kunuka. Nikafukiza udi.

Asubuhi udi, jioni udi. Wanawake wakija kukutazama wananisifu, "Bi Mwanaidi, nyumba yako yanukia kama ya arusi." Nami nacheka nao. Wewe homa inakupanda, unatetemeka chini ya shuka, na mama yako anacheka mlangoni, anashukuru hawajajua. Kicheko kile nikikikumbuka, hata leo, najiziba mdomo kwa mkono.

Daktari Zuhura hakuja kwa ajili yetu, hilo unalijua. Alikuja kumpima presha Bi Fatuma wa chini, kama alivyomzoea miaka na miaka, na Bi Fatuma ndiye aliyemwambia kuna mtoto juu hatembei, panda ukamjulie hali. Akapanda. Mtu mzima, mnene, anaburura mguu mmoja, ngazi zetu zile za kuvunja roho, amefika anahema. Alisimama kizingitini kwa kitambo, nikadhani anavuta pumzi. Kumbe ananusa. Nikamkaribisha, nikamwekea kiti. Akaniuliza hali ya mtoto. Nikamwambia alhamdulillah, hajambo.

Akasema, "Hiyo ya Mungu, nimeisikia. Na ya kwangu je?"

Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu. Wala hakunisubiri. Alinipita, akakaa ukingoni mwa kitanda chako, akakuuliza wewe. Na wewe, ambaye hukunena na daktari hata mmoja miezi yote ile, ukamwambia, "Nnanuka, daktari."

Mwanangu. Nilidhani hujui. Nilidhani udi umekuficha hata wewe mwenyewe. Kumbe ulikuwa unanisitiri mie.

Yaliyofuata sina haja ya kukukumbusha, mwili wako unayakumbuka. Siku ile ile ulilazwa, wakakata nyama iliyokufa, ukalala kifudifudi mpaka ukachukia kuona mto. Nyuma ya pazia niliwasikia wakisema kuwa sumu ilikuwa karibu kuingia kwenye damu, na ingeingia tungekuzika. Nilikuwa namngoja Daktari Zuhura anilaumu. Nilijitayarisha, nikapanga na majibu. Hakunilaumu. Alinitaka jambo moja tu, kuwa kuanzia siku ile akikuuliza wewe, ujibu wewe. Nikakubali. Hujui ulimi wangu ulivyokuwa ukiwasha miaka ile ya mwanzo. Ulikuwa ukiniona natafuna ncha ya mtandio, ukidhani ni tabia. Ilikuwa ni majibu.

Ndipo tukawa na daktari, na nikajifunza kuwa kumpata ni jambo moja na kumweka ni jambo jengine.

Zahanati yake pale uchochoroni ilikuwa na vidato mlangoni. Mara ya kwanza waliitwa vijana wakubebe na kiti chako, ukakataa, ukasema hutaki kunyanyuliwa kama gunia la mchele Darajani. Nikaona haya, nikakukemea. Daktari Zuhura akatoka mwenyewe, akakitazama kizingiti chake kama mtu aliyekuwa hajakiona maisha yake yote, na tuliporudi mara ya pili seremala keshapigilia ubao wa kupandia. Mie peke yangu nisingemwambia. Ningesema alhamdulillah, vijana wapo.

Na unakumbuka zile dawa alizokupa ukavimba uso? Mie siku ile nilishafunga kanga kiunoni. Nikasema yamekwisha, huyu naye tunamhama. Jioni akapanda ngazi zetu, akasema mbele yetu sote wawili kuwa amekosea, hakuuliza vizuri ulikuwa ukinywa dawa gani nyengine, akatueleza atafanya nini. Alipoondoka nikaanza kugomba. Wewe ukaniambia, "Mama, aliyepanda ngazi hizi kuja kusema nimekosea, tutampata wapi mwengine?" Mtoto wa skuli kanifunga mdomo ndani ya nyumba yangu, na haki ilikuwa yako.

Kisha ukenda chuo Tunguu, ukakaa dahalia na wanafunzi wenzio. Nilijua Tunguu si mbali, mtu anakwenda na kurudi, lakini kwangu ilikuwa kama ng'ambo. Ile siku kichwa kilipokuuma kwa kishindo, jasho likakutoka usoni na shingoni, ukapelekwa kwenye zahanati ya karibu, yule kijana wa zamu akataka kukupa dawa ya malaria. Ukamwambia subiri. Ukampigia simu Daktari Zuhura, ukampa yule kijana azungumze naye. Ikatafutwa sababu chini, si kichwani. Mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja, kibofu kimejaa, na mwili usiohisi ulikuwa unapiga kelele kwa njia pekee iliyobaki, presha imepanda mpaka pa hatari. Wakaunyoosha mpira, kichwa kikatulia. Lau ungemeza vidonge vya malaria ukajilaza, Mungu apishe mbali.

Mie nilijua kesho yake. Na badala ya kushukuru, nilinuna. Nilinuna siku nzima, ukadhani nimekasirika kwa hofu. Haikuwa hofu. Ulikuwa wivu. Wewe ulikuwa baina ya uhai na kifo, na mtu uliyempigia simu si mie.

Sasa lile ambalo sikuwahi kukwambia. Daktari Zuhura naye hajakwambia wala hatakwambia, kwa hiyo usipolisikia kwangu hutalisikia.

Ulipopata barua ya kazi ya Dodoma, wiki ile ile nilikwenda kwake peke yangu. Nilikwambia nnakwenda Darajani kununua bizari. Nikangoja wagonjwa wakaisha, nikaingia, nikamwambia, daktari, huyu mtoto hanisikilizi mie, anakusikiliza wewe. Mwambie mwili wake hauwezi. Sema figo, sema chochote. Mwambie asiende.

Alivua miwani, akaiweka mezani. Akaniambia, "Bi Mwanaidi, nikimdanganya leo, siku nitakayomwambia hiki ni kibaya ataniamini vipi?"

Nikalia, tena kilio cha kutia aibu, cha kamasi. Nikamwambia huko Dodoma nani atasikia harufu? Nani atapanda ngazi?

Akasema, "Atasema mwenyewe. Kwani siku ile nani aliyesema?"

Wewe ndiye uliyesema. Mie nilikuwa nafukiza.

Nakwambia hili si kwa ajili ya kutubu, toba yangu naipeleka kwa Mungu mwenyewe. Nakwambia ili umjue daktari wako. Mama mtu kamwendea akilia, wamejuana miaka, kila Ramadhani nampelekea sahani ya kaimati, na bado hakukubali kukudanganya neno moja. Huyo ndiye kipimo chako. Ukimpata wa hivyo Dodoma, mshike.

Wala usimtafute siku ya kuumwa. Siku ya kuumwa mtu anashika yeyote aliye mbele yake. Ukihamia mtaa mpya si unakwenda kwa sheha kujitambulisha kabla hujagombana na jirani? Basi na daktari vivyo hivyo. Nenda wiki ya mwanzo, mzima, umevaa vizuri, umejitia na udi wako. Mwambie mie fulani, nimekuja kukujua unijue. Atashangaa kidogo, watu hawajazoea. Tazama mlango wake kwanza, kama kiti kinapita, na kama hakipiti mtazame yeye anafanya nini baada ya kuona hakipiti. Asha akiwa nawe, tazama macho ya daktari yanakwenda kwa nani anapouliza. Akimuuliza Asha kama unakula, jibu wewe. Akirudia tena kumuuliza Asha, muage kwa heshima usirudi. Hapo nakuruhusu kuhama.

Asipojua mambo ya uti wa mgongo, hilo lisikutishe. Daktari Zuhura naye mwanzo hakuyajua. Alisema, sijui, nitauliza, na akauliza kweli, akawapigia wenziwe wa ng'ambo, akasoma. Mwenye kusema sijui kisha akarudi na jawabu, huyo unaweza kukaa naye. Mwogope anayejua kila kitu kabla hujamaliza salamu. Barua ya maelezo Daktari Zuhura amekuandikia, iko kwenye mkoba mdogo, lakini usiitoe tu ukakaa kimya. Mwambie kwa mdomo wako lile la kichwa na jasho, kuwa likikutokea watazame chini kwanza. Mwambie na kidonda kilivyokuwa. Mwambie hata kama unakunywa kombe, au mitishamba ya mtu, asije akakutia dawa juu ya dawa.

Akikugombeza, usinune. Ununaji umeurithi kwangu, nauona. Daktari anayekujua kuna siku atakuudhi, kama mimi ninavyokuudhi, na bado unarudi kula. Na nenda siku moja moja huna unachoumwa, mjulie hali naye. Madaktari hawaulizwi hali. Daktari Zuhura aliniambia hivyo, nikaona haya, maana katika miaka yote hiyo sijamuuliza hata mara moja mguu wake unavyoendelea.

Nimekutilia chetezo na udi kwenye mkoba mkubwa, nimevifunga ndani ya kanga. Nilivitoa mara mbili, nikavirudisha. Nilifikiri, je, akifukiza atakumbuka nini? Kisha nikasema, mtoto wa Mji Mkongwe akae nyumba isiyonukia, kwa sababu ya ujinga wa mama yake? Hapana. Fukiza Ijumaa, fukiza wageni wakija. Lakini siku ukijiona unafukiza na hakuna mgeni, simama, mwambie Asha akutazame mgongo.

Nilikuahidi kukwambia kwa nini siwezi kuandika kuwa mie mzima. Siku ile kwa daktari, nilipokwishafuta machozi nikawa nainuka, nilishika meza. Akaniona. Akaniuliza, na weye je, hali? Nikasema alhamdulillah. Akanitazama tu kwa yale macho yake. Nikakaa tena. Nikamwambia kiuno kinaniuma tangu miaka ile ya kukunyanyua, usiku sipati upande wa kulalia, na sikukwambia usije ukakataa kunyanyuliwa. Kanipima, kanipa dawa, kanipa na mazoezi ya kipuuzi ya kulala chini na kuinua miguu, ndiyo yale uliyonikuta nayo ukacheka. Sasa ni daktari wangu pia. Nilichelewa, lakini nimefika.

Nawasikia watoto wa uchochoroni wanapiga kelele, nadhani ndio mnaingia. Barua hii naitia kwenye mkoba mdogo pamoja na ile ya daktari, utaisoma ukiwa umeshavuka.

Ukinipigia simu kutoka huko nitakuuliza hali, na wewe sema alhamdulillah, kama nilivyokufunza. Kisha usikate. Nitakuuliza ya kwangu. Na wewe niulize ya kwako, usikubali nikajibu ile ya Mungu peke yake. Leo hujaniuliza, lakini nakupa. Mama yako anaumwa kiuno, na anaogopa, anaogopa sana, na kesho asubuhi atakusindikiza mpaka kwenye boti na hatakwambia usiende.

Mama yako,
Mwanaidi